Ya Kwako Umemwambia Nani?

Nakumbuka siku niliyojitupa kwenye jaruba la mpunga na kitenge changu kipya, mwanangu Atupele, kwa sababu nilimwona baba mkwe akija njiani. Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Makwale. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wala halitaji jina lake, kwa hiyo ukisikia tu kikohozi chake, unapotea. Nililala matopeni mpaka akapita, na moyoni nikamtukana. Mzee wa watu hakuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimechoka, sijazoea, na mama yangu yuko mbali kule Matema.

Moyo ukiwa mzito, mtu hutafuta pa kuutua. Kijijini palikuwa na bwana mmoja aliyerudi kutoka Malawi, kalamu mfukoni, akisema amefundishwa kusikiliza shida za watu. Amefundishwa wapi, na nani, kwa muda gani? Hakuna aliyeuliza. Alikuwa na sauti ya pole na alijua kutikisa kichwa, basi. Nikaenda kwake nikamwaga yote, matope na uchovu na yale matusi niliyomtukana mkwe. Nikatoka mwepesi, nikaimba njia nzima.

Kabla mpunga haujavunwa, maneno yangu yalikuwa yamefika sokoni Lyulilo, kati ya wauza vyungu na wauza samaki, na kutoka huko yakarudi Makwale hadi kwa baba mkwe. Ona maajabu. Mimi nisiyethubutu kumwonyesha uso, ulimi wangu ulishaingia mpaka chumbani kwake. Nikarudishwa kwetu. Baba yangu akatoa ng'ombe wa kuomba radhi, na aibu ile nikiikumbuka hata leo, masikio yanapata moto.

Shangazi yangu, dada yake baba, hakunigombeza. Alinishika mkono tukarudi wote Makwale mpaka kwa yule bwana. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Ugonile," akamsalimu vizuri kabisa. Kisha akamuuliza, "Wewe unayepokea ya watu, ya kwako umemwambia nani?"

"Mimi sina shida, mama," yule bwana akajibu huku akicheka.

"Basi usiwaite watu tena. Hujawahi kukaa hapo alipokaa mtoto huyu. Hujui alikupa nini, ndiyo maana umekitembeza sokoni."

Tangu hapo, mwanangu, namshuku kila mwenye sauti ya pole. Mchungaji akiinamisha kichwa sana, namshuku. Hata mnunuzi wa kokoa akinisalimia mara mbili, nahesabu magunia yangu upya.

Sasa wewe ukaja likizo kutoka Mbeya na shahada yako ya saikolojia, ukasema unataka kuwa mchambuzi wa nafsi, yule anayeketi nyuma ya mgonjwa aliyelala kwenye kochi akamsikiliza kwa miaka. Nikasema sawa. Ukasema shahada haitoshi. Kwanza utahojiwa na wakubwa wa kazi hiyo, zaidi ya mmoja, kuhusu maisha yako tangu utotoni. Wakikukubali, wewe mwenyewe utalala kwenye hilo kochi mara kadhaa kwa wiki, miaka na miaka, useme kila kinachokujia. Masomo yanaendelea huku na huku. Na wagonjwa wako wa kwanza utawaona chini ya msimamizi, ukimweleza ulichosikia na ulichojibu.

"Na mama je, Mama mkubwa?" ukaniuliza. "Nikifika kwenye habari za mama, niseme?"

Nikaondoka kwenda kugeuza kokoa juani. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nashuku. Watu hao wanamtakia nini mdogo wangu? Alipokuzaa, hapa hapa nyumbani kwangu, alinyamaza. Hakukunyonyesha, hakula, alikaa akitazama ukuta, na asubuhi moja akavuka mto Songwe pale Kasumulu, akaingia Malawi asirudi. Sisi tukawaambia watu yuko Karonga anauza vitenge. Ulikua na uongo huo mpaka ulipoufumbua mwenyewe, na hadi leo jina lake hatulitaji humu ndani, utadhani naye ni baba mkwe.

Lakini nikigeuza kokoa huwa nafikiri, na nikalikumbuka swali la shangazi. Wahenga walisema mganga hajigangi. Basi hawa wa kwako wanataka mganga agangwe kwanza na mwenzake ndipo aguse watu. Swali lile lile lililomshinda bwana mwenye kalamu, wao wamelifanya mlango wa kuingilia. Sisemi nimewaamini. Ila mlango mgumu naushuku kidogo kuliko ulioachwa wazi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Huyo utakayelala mbele yake, muulize naye alilala mbele ya nani, na siri za watu anazitunzaje. Kuuliza si ujinga. Akikasirika, chukua mkoba wako urudi nyumbani. Wakitokea wa kukupa cheti baada ya semina ya siku chache, wakimbie. Ya mgonjwa usimsimulie shoga wala mume, hata ukificha jina, maana Kyela yetu hii ni ndogo na maji yakimwagika hayazoleki. Na hata ukishafuzu, usikae bila mtu wa kukusikiliza wewe.

Na ya mama yako yaseme. Useme ukuta aliokuwa akiutazama, useme na mimi dada yake niliyesema anauza vitenge. Anaitwa Tusekile. Leo asubuhi nimelitamka jina hilo jikoni peke yangu, na nimelia.

Kyala, Mungu wetu, akutangulie. Akupe masikio yasiyochoka na mdomo mzito kufunguka. Akurudishe kwangu salama, na siku utakapoulizwa ya kwako umemwambia nani, mwanangu, uwe na jibu.