Vidonge Vikavu vya Punda Siku ya Posa

Sijivunii kwamba mara yangu ya kwanza kukaa karibu na mama mkwe ilikuwa juu ya paa la tembe, nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa, tumebanana kwenye mtama aliouanika, lakini kwa kuwa kijiji kizima cha Issuna wanaijua habari hii, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mashemeji, wale huongeza chumvi.

Kiangazi kile nyasi zilikwisha, nikawa namlisha punda wangu vidonge vya dukani, yaani majani makavu yaliyosagwa na mashudu ya alizeti yakashindiliwa vipande vigumu, na muuzaji aliniambia wazi, "Loweka kwanza, vilainike." Nikawa naloweka. Siku ya posa ndiyo sikuloweka, maana punda ndiye aliyekokota mkokoteni wa zawadi, na tulipofika kwa Mzee Ntandu (baba wa Neema, ambaye alishawakataa wachumba wengine kabla yangu) punda akawa analia kila baba mdogo Yohana, mshenga wangu, akifungua mdomo. Nikatoka nikamnyamazisha kwa ndoo ya vidonge vikavu. Sasa niombe maji ukweni, kiangazi, siku ya kwanza, tena ya punda? Niliona aibu. (Aibu ile ndogo siku hizi naikumbuka kwa hamu.)

Alinyamaza kweli. Baba mdogo akafika penye kusema mimi ni mtu makini, ndipo punda akaingia uani na mkokoteni wake, shingo kainyoosha, anakohoa, povu la kijani linamtoka puani, na shangazi yake Neema akapiga kelele, "Kichaa! Punda ana kichaa cha mbwa!"

Mzee Ntandu aliingia zizi la mbuzi. Mimi nikakwea paa, na huko juu nikamkuta mama Neema, ambaye kwa mila zetu sitakiwi hata kumpa mkono.

"Shikamoo mama," nikasema nikiangalia upande wa kijiji cha Mkiwa, nisimtazame.

"Marahaba. Huyo punda ni wenu?"

Nilitamani kumkana.

"Ndiyo, mama."

Chini punda akakohoa kwa nguvu, likamtoka donge la vidonge vilivyomkwama kooni, akainamia ndoo ya maji ya kunawa wageni akayanywa yote, maji yale yale niliyoona aibu kuyaomba.

Kisha sauti ya Mzee Ntandu ikatoka zizini: "Yohana, endelea. Ulikuwa unasema kijana wako ni mtu makini."

Neema nilipewa, baada ya kuongeza mbuzi wa kumfuta mama aibu ya paani. Na tangu siku hiyo nikifika ukweni, hata salamu hazijaisha, naomba maji.