Mzee Kihara Hafi Bila Wajina

“Nakuru siendi kupimwa tumbo,” Nyakio alimwambia mama mkwe wake huku akimenya viazi. “Na wakiona ni msichana, daktari wako atanipa kijana wa kubadilisha?”

“Atakutoa hiyo mimba, upate nyingine. Una wasichana watatu, na mzee wangu hajazaliwa!”

Kwao Molo, kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na hapo babu huhesabiwa amezaliwa tena. Mzee Kihara, baba mkwe wa Nyakio, alikuwa ameapa kanisani kwamba hafi kabla ya kupata wajina. Nimonia ilimjia mara mbili, ikaondoka ikikohoa.

Nyakio aliweka kisu chini. “Na nikimzalia huyo wajina, Mama, mzee atabaki akingoja nini?”

Mama mkwe alichukua kiazi. Akakimenya mpaka kikawa kama punje ya mahindi.

“Mimi sikusema ni haraka,” alisema.

“Na huyu akiwa msichana?”

“Si azaliwe tu. Kwani anakula nyumba?”

Mlango ukafunguliwa. Mzee Kihara akaingia, mjukuu wake Sue akimwongoza kwa mkono.

“Mlikuwa mnasema nini?”

“Viazi,” mama mkwe alijibu.