Leo nusura nibomoe nyumba ya sange kwa ufagio

Jamani, msinicheke.

Asubuhi tulikwenda kusafisha njia ya wageni kwenye ule msitu wa zamani wa kijiji, hapa Mkunya. Kipande changu nikakimaliza mapema.

Sasa mimi ni mtu wa korosho. Nikiona majani chini ya mti, mikono inaniwasha! Shambani tunafagia mpaka korosho ikidondoka unaiona toka mbali.

Basi nikatoka njiani, nikaingia chini ya miti mikubwa, nafagia huku najisifu kimoyomoyo.

"Baba Asha! Simama hapo hapo!"

Mama Zuhura, mlinzi wa msitu. Mama mpole yule, sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Lundo la majani mbele ya ufagio wangu likatikisika.

Akatoka sange! Mnyama mdogo, pua ndefu inachezacheza, mgongo mwekundu unaishia kwenye weusi. Mzuri huyo! Akachapa mkia chini, pa pa pa, kama ananigombeza. Kisha huyoo, kapotea.

Nimezaliwa hapa, na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona.

"Wageni wanapita njiani," akasema Mama Zuhura. "Huku pembeni kuna wenyewe, na hayo majani ndiyo nyumba yao."

Nikapiga magoti, nikarudisha majani yote kwa mikono.

Sasa hivi nimesimama chini ya mikorosho yangu. Pasafi, hakuna hata jani moja. Kumbe ndiyo maana sange hajawahi kuja kwangu.

Kona ya kule nyuma siifagii tena.

Mnaonaje, atakuja?