Bafta ya Bawa la Pili

Nikisikia harufu ya uji wa muhogo unaoungua, namwona baba nyuma ya nyumba yetu Newala, akiivika bafta nyeupe ndege ya rimoti aliyoiunda mwenyewe kwa mianzi. Mimi nilipaka uji kwenye fito za bawa, yeye akaitandaza bafta, kitambaa kile kile cha sanda, na kuipitishia pasi ya mkaa mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma.

Bawa la pili lilikuwa bado fito tupu bibi alipotoka chumbani kwa mama, aliyejifungua asubuhi ile. Mtoto hatukumsikia akilia.

"Mwanangu, hiyo bafta imebaki?" alimuuliza baba.

"Imebaki, mama."

"Nipe. Itamtosha."

Baba aliipiga pasi kwanza, polepole, pande zote mbili, ndipo akampa. Jikoni uji ulikuwa unaungua, na hakuna aliyekwenda kuuepua.