Chupa Tatu za Maji ya Murera

Kila likizo nilikuwa narudi Ruiru kuchuma kahawa na mama, nipate nauli ya muhula unaofuata. Mwaka huu idara yetu ya kemia ilitenga nafasi moja ya utafiti kwa mwanafunzi anayetoka nyumba kama yetu, chakula na nauli juu yao. Nilichukuliwa kwa majaribio ya wiki moja. Nikifanya vizuri, ningebaki likizo nzima. Nikiharibu, kahawa ilikuwa inaningoja. Sina ubaya na kahawa, lakini maabara niliitaka mno.

Saa moja asubuhi niliondoka mtaa wa Kahawa Sukari, ninakopanga chumba, na chupa tatu tupu begini. Nilitumwa maji ya kisima Murera, tupime floraidi, madini yanayowapa watoto wa huku meno ya rangi ya chai. Yangu pia ni hivyo, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kule Murera, Mama Wanja, mwenye ploti yenye kisima, alinipokea vizuri hadi nikaona haya. Kabla salamu hazijaisha chai ilikuwa mezani.

"Lete hizo chupa, mami. Mgeni wangu hawezi kuchota maji!"

Akaingia jikoni, akazijaza mwenyewe. Mimi nikaongeza kikombe cha pili.

Saa nane nilikuwa Thika, kwenye maabara ya chuo. Daktari Muthoni, msimamizi wetu, alipima chupa zote tatu. Floraidi karibu hakuna.

"Hii maji ulichota wewe mwenyewe?"

"Ndiyo" ilikuwa mdomoni kabisa.

"Hapana, Daktari. Nilichotewa." Hapo ndipo akili ilipofunguka. "Nafikiri ni ya mvua, ndiyo maana haina floraidi. Hata kwetu, mama huweka pipa la mvua la wageni. Ya kisima tunakunywa sisi."

Alivuta kiti, akakaa. "Kumbe! Tumeleta chupa kama hizi mara ngapi, tukalaumu mashine? Na kila mahali tulikuwa tunapewa chai."

Nilijua narudishwa Ruiru. Badala yake akanipa chupa nyingine tatu. "Rudi kesho. Wewe unajua vile wataulizwa."

Kesho yake, njia nzima hadi Murera, nilitafuta maneno ya kumwambia mama wa watu bila kumwaibisha.

"Mama Wanja, leo usinihesabu mgeni. Nipe ile mnakunywa na watoto."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Ai! Kwani nilikuharibia kazi?" Akanipeleka mwenyewe kwenye mfereji wa kisima.

Mchana huo, Thika, vipimo vilipita kabisa kiwango kinachofaa watoto. Daktari Muthoni alitoa kalamu. Aliandika jina langu kwenye kola ya koti jeupe la maabara, akanikabidhi. Niseme ukweli, nilienda chooni nikalia kwa shukrani. Mambo niliyojifunza kwetu, ambayo nilikuwa nayaficha chuoni, ndiyo yaliyoniweka pale.

Ijumaa, nikirudi nyumbani, nilipitia Murera kutoa majibu.

"Na nikichemsha?" Mama Wanja aliuliza.

"Kuchemsha hakuondoi floraidi, mama."

Aliinuka. Kisha akawaita watoto wake wawili, akawajazia vikombe kutoka pipa la mvua. Mimi, kwa kuwa si mgeni tena, akanimiminia glasi ya maji ya kisima. Nikainywa yote, nikasema asante.