Mbuzi wa Watu Nyumbani kwa Bibi

Mnisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimelelewa na bibi yangu, mama yake mama, upande wa Malolo. Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara, kwa hiyo watu walipopelekwa kwenye vijiji vya ujamaa sisi tuliachwa tulipo. Majirani wa bondeni walipangiwa mbali, wengine Kisanga, wengine Mvumi. Lori lilibeba watu, vitanda na vyungu. Mifugo haikupata nafasi. Kila aliyepita mlangoni alimkabidhi bibi mnyama wake.

"Mama, nishikie huyu. Nikishaezeka namfuata."

Bibi alipokea wote. Hakuna aliyerudi.

Kwetu mnyama wa amana hauzwi wala hachinjwi mpaka mwenyewe aseme. Akizaa, mtunzaji hupata mtoto mmoja, lakini hupewa kwa mkono wa mwenyewe. Bibi alisubiri mkono huo. Mbuzi wakazaa, watoto wao wakazaa, kuku wakatotoa chini ya kitanda, bata wakajaa jikoni. Kwa kuogopa chui wa mlimani, wote walilala ndani pamoja nasi. Bibi aliwaita kwa kuwataja wenyewe: huyu wa mjane, yule wa mwalimu wa madrasa. Hata gizani hakukosea.

Asubuhi macho yalituwasha kwa harufu ya mkojo. Sakafu ya udongo haikukauka hata kiangazi. Utitiri wa kuku ulinitambaa shingoni mpaka darasani, na kuku walikunywa kwenye mtungi tuliochota sisi. Shuleni, tulipoimba kuwalaani mabeberu, darasa zima liligeuka kunitazama.

"Kaa upande wa upepo, we beberu!" walinicheka.

Nilihamia dirishani. Mimi si mtu wa kujibu.

Kisha nikaanza kukohoa, kifua kikabana. Wazee wetu huamini joto la mbuzi hufungua kifua cha mtoto, kwa hiyo bibi alinilaza kati ya mbuzi wawili na kunifunika kanga yake. Nilivyozidi kukohoa ndivyo alivyonisogeza karibu nao. Nakumbuka mgongo ule wa mbuzi ukipanda na kushuka, sauti ya kucheua, na mkono wa bibi ukinitafuta kichwani. Sijapata tena usingizi kama ule.

Bwana afya alikuja akikagua vyoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

"Nipite wapi, bibi? Wenyeji wamejaa."

Bibi alicheka. Yule bwana aliacha kucheka aliposikia ninavyopumua.

"Mtoto huyu analala wapi?"

"Hapo, kati ya mbuzi. Namtafutia joto."

"Bibi, mavi yanaoza humu na mkojo unamchoma mapafu. Usiku hamna hata tundu la hewa. Na kwenye nyufa hizi nimeona papasi, wanaleta homa mbaya. Wajengee banda huko nje, mavi yazolewe kila siku yapelekwe shambani."

"Na chui?"

"Basi wapunguze. Uza, chinja."

"Vya watu hivyo, mwanangu. Mwenyewe akija, nimwonyeshe ngozi?"

Bwana afya alisema tu kwamba mimi nisilale tena humo.

Mama mdogo akaja kunichukua, nikaenda kuishi naye Mikumi, ambako mumewe alifanya kazi ya barabara. Bibi alitusindikiza mpaka kituoni. Nilipompa mkono wa kuaga alinishika kifua, si mkono, akasikiliza. "Ukipona utarudi," akasema.

Nimepona. Sakafu ya mama mdogo ni ya saruji, kuku wana kibanda chao, maji yana kifuniko. Sikohoi. Lakini usiku nyumba hii iko kimya mno kwangu. Nikisikia mbuzi wa jirani akilia, nakaa kitandani nikisubiri bibi amtaje mwenyewe.

Sikukuu iliyopita mama mdogo alienda kumwona. Aliporudi akaniambia kwamba sasa anayekohoa ni bibi, anakohoa mpaka anashika ukuta, na anakataa kuja huku. "Nikiondoka, wenyewe wakija watamkuta nani?" bibi alimwambia. Mimi nilitaka kwenda siku ile ile. Mama mdogo akakataa, akasema hatapeleka kifua changu kule tena mpaka nyumba iwe ya watu tu.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mliopita mlangoni kwetu mkienda Kisanga au Mvumi. Mama uliyekuwa mjamzito siku ya lori, ukaacha mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika: yupo. Ana wajukuu. Njoo umchukue. Kama huwezi, niandikie, hata mstari mmoja, kwamba umempa bibi ruhusa amuuze. Na wengine vivyo hivyo. Bibi hajui kusoma. Nitamsomea mimi, nikisimama pale mlangoni, na pengine siku hiyo nitaruhusiwa kuingia.