Kisilu na Wimbo wa Mapokezi

Umewahi kumcheka mtu mzima kwa sababu ya Kiingereza chake? Basi kaa chini nikueleze habari za Kisilu.

Kisilu, mkazi wa mtaa wa Waithaka, alikuwa mbeba mizigo katika hoteli moja katikati ya jiji la Nairobi. Nilimfahamu mwaka wa 2006. Nilikuwa nimetoka chuoni na moto wa kubadilisha dunia, na kila Jumamosi nilifundisha watu wazima Kiingereza katika chumba cha kukodi juu ya duka la vitambaa, Mtaa wa Biashara.

Kiingereza alichokuja nacho kilikuwa safi ajabu. Pale hotelini, kila asubuhi wabeba mizigo husimama kwenye mstari na kukaririshwa sentensi za kumkaribisha na kumuaga mgeni. Wenyewe huziita wimbo. Kisilu aliuimba kwa miaka mingi bila kukosea hata silabi. Lakini ukimwuliza jambo lililo nje ya wimbo, alitabasamu tu, akashika begi lako.

Goti ndilo lililomleta kwangu. Lilikuwa limevimba, daktari amemkataza mizigo, na hotelini nafasi ya mapokezi ilikuwa wazi. Akiipata, atafanya kazi ameketi. Akiikosa, atabeba mpaka goti limwangushe.

Mwanzoni, nje ya wimbo, alikuwa na vitenzi vichache mno: give me, show me, tell me. Kisha siku moja akasema "explain me" badala ya "explain to me", na darasa zima likacheka.

"Mzee, hiyo umeitoa wapi?" akamtania Nyokabi, muuza maua wa Kinoo. "Ama ni Kiingereza cha kwenu Machakos?"

"Nimeunda mwenyewe," Kisilu akajibu. "Mwalimu, kama watu wanasema give me na show me, hii explain imekosea nani?"

Nilitaka kumkumbatia. Niliwaambia wasicheke. Anayekariri hakosei, lakini huyu ameanza kuona kwamba vitenzi vina njia zake, naye anazijaribu. Kila anayekua katika lugha hupita hapo, halafu hutoka. Kinachohitajika ni muda.

Na alikuwa anatoka. Jumamosi moja alisimama akatusimulia kwa Kiingereza jinsi mama yake alivyofariki. Sentensi zilikuwa na mashimo, lakini zilikuwa zake. Nyokabi, mcheshi yule, alijipangusa machozi kwa leso.

Mahojiano ya kazi hayakutungoja. Jioni ya siku aliyohojiwa alinikuta kwenye kibanda cha chai, akaketi kwa shida, mguu mmoja ameunyosha.

"Lazarus ndiye alinihoji," alisema. Lazarus alikuwa mkuu wa mapokezi. "Akajifanya mgeni, eti hana maji moto. Nikamwambia, please explain me the problem. Wakacheka wote pale mapokezi, mwalimu. Akaniambia, 'Kisilu, kabla ya kusoma uliongea kama mzungu. Masomo yamekuharibu. Rudi kwa wimbo wako.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema asante."

"Asante ya nini?" Niligonga meza, chai ikamwagika. "Kesho nitaenda kumweleza huyo Lazarus ukweli! Ulikuwa umebakisha kidogo tu!"

Kisilu alipangusa meza kwa kiganja. "Wewe uko na hasira, kijana. Mimi niko na goti. Sitakuja Jumamosi."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda hotelini, maneno yangu nimeyapanga tayari. Sikufika kwenye kaunta. Mlangoni mama mmoja wa Kizungu alikuwa akitoka, macho mekundu, na Kisilu akimfuata huku akichechemea, masanduku mawili mikononi. Mama yule aligeuka akamwambia, kama mtu anavyomwambia yeyote aliye karibu, kwamba mama yake amefariki na anakimbilia ndege.

Kisilu aliweka masanduku chini. Midomo yake ilifunguka. Maneno alikuwa nayo, nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu Jumamosi ile. Kisha akatupa jicho ndani, Lazarus alikosimama akimtazama, na midomo ikafungika.

Akasimama wima. Kwa Kiingereza safi akamwambia kwamba hoteli inatumaini amefurahia kukaa kwake, na itafurahi kumkaribisha tena.

Hakukosea hata silabi.